Kitambaa cha Machungwa Kwenye Kanda ya Marekani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ukungu wa Mlima Meru umeshuka mpaka mtaani kwetu Ngarenaro na kukaa barabarani kama mgeni asiye na haraka. Nilikuwa binti, najifunza ufundi wa televisheni kwa Mzee Anaeli. Zilikuwa enzi za ruksa, bidhaa za nje zimefunguliwa mlango, maduka yamejaa video kutoka kila pembe ya dunia, na sisi mafundi tulitembea kama tunaota.

Akaingia Mama Ndeshi wa Nkoaranga, kanda ya video ameifunga kwenye khanga. Binti yake alikuwa ameolewa Marekani, yeye hakuweza kwenda. Mama alimtumia kitambaa cha rangi ya machungwa, kitupu, hakina ua hata moja, akamwambia amkumbuke kwacho siku ya harusi. Jibu likawa kanda ya harusi tu, bila neno.

"Nataka kujua kama alikivaa," alisema. "Kama hakukivaa, basi nijue nimesahauliwa."

Kanda za Marekani rangi zake hazisomeki kwenye televisheni zetu. Mzee alikuwa ameunda kisanduku kinachotenganisha picha kuwa nyekundu, kijani na bluu, kisha chipu moja ndogo inazifunga upya kwa namna ya kwetu. Nikaunganisha nyaya. Picha ikatulia, lakini kila kitu kilikuwa kijivu: maharusi, wageni, maua. Moyo uliniuma, jamani! Nikashika bisibisi nikaongeza nguvu ya rangi, nikaongeza tena.

Mzee akanishika mkono. "We binti, mbona unaipigia kelele rangi? Rangi ipo. Haijaambiwa wapi pa kuanzia."

Akanieleza polepole, macho yake dirishani kwenye ukungu. Kila mstari wa picha hutanguliwa na ishara inayosema: sasa. Chipu ikiipokea inangoja kidogo, kidogo mno, halafu kabla picha haijaingia inatoa mtetemo mfupi wa rangi, ili televisheni ilinganishe saa yake na ya chipu. Mtetemo ukiwahi au ukichelewa, televisheni haiutambui, inazima rangi zote. Kungoja huko hupimwa na vipuri viwili vidogo, rezista na kapasita. Kapasita yetu ilikuwa imechoka, tukaibadilisha. Nanyi siku hizi mnagusa kioo tu, haya bwana!

Rangi zikaingia. Bibi harusi hakuwa amevaa rangi ya machungwa popote, nikaogopa kumtazama mama. Lakini safu ya mbele kulikuwa na kiti kimoja hakina mtu, kile tulichokuwa tukikiona kijivu na kukipuuza, kimefunikwa kitambaa kitupu cha machungwa. Bibi harusi akafika hapo, akapiga goti, akakigusa kitambaa kwa mikono miwili, ndipo akaendelea na safari yake.

"Amenikalisha mbele," alisema Mama Ndeshi. "Mwanangu amenikalisha mbele!" Akalia, nami nikalia, Mzee akajifanya anatafuta waya chini ya meza.

Basi sikiliza, mwanangu. Mpenzi wako, ndugu yako, mzazi wako akionekana kijivu, usikimbilie kusema hakupendi, wala usimpandishie sauti. Huenda saa zenu hazijalingana tu. Ngoja kidogo, muulize, mpe pa kuanzia. Mimi nimepoteza watu wachache sana kwa kungoja, na wengi kwa hasira.

Nenda salama. Mungu akufunike kama ukungu ule, na nyumbani kwako asikosekane mtu wa kukuuliza umeamkaje.