Jiwe Umelisogeza, Watu Je?

Naikumbuka siku moja ya foleni, Mwanangu, na kila nikiikumbuka damu hunichemka. Jana umenichemshia tena, ndiyo maana nasema.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, tukikaa mtaa wa Gerezani. Dada yangu Zaina alikuwa amejifungua, akapata jipu la ziwa, hawezi kunyonyesha. Mtoto alihitaji maziwa ya kopo, na hayo yalipatikana kwa bahati tu, duka la ushirika kule Kariakoo. Na foleni zetu, ninyi hamzijui, hazikuwa za watu. Mtu ana kazi, ana watoto. Aliweka jiwe au kopo bovu, akaenda zake. Langu lilikuwa nusu tofali lenye alama ya mkaa.

Mawe yale yalikuwa na mlezi wake, Bi Tatu, muuza mihogo ya kuchoma aliyekaa ubavuni mwa duka. Ukitaka kuingia, unamwambia. Anakuuliza jina na unapokaa, anahakikisha huna jiwe jingine, ndipo analiweka mwisho kwa mkono wake. Ukitaka kutoka, analiondoa, anawasogeza wote wa nyuma, anatangaza nani sasa anamfuata nani. Hatukugusa jiwe hata likiwa letu wenyewe. Ukiona vyaelea vimeundwa, na foleni ile Bi Tatu aliiunda.

Siku hiyo alikwenda kuswali adhuhuri. Akaja kijana mmoja wa kamati ya duka, shati limepigwa pasi, akalisukuma tofali langu kwa mguu, akaweka kopo la shangazi yake pale. Hakuuliza. Hakumwambia mtu. Eti jambo dogo!

Duka lilipofunguliwa, Bi Tatu aliita jina langu, na shangazi mtu kasimama kwenye kopo lake. Wengine wakafuata sauti ya Bi Tatu, wengine wakafuata mawe. Yakawa matusi, yakawa makonde. Muuzaji akafunga mlango. "Njooni kesho, hamna adabu!" Kesho yake maziwa hayakuwepo.

Bi Tatu alimkamata yule kijana ukosi. "Jiwe umelisogeza, watu umewasogeza? Ungeniambia mimi ningekuuliza, na ningewaambia waliopo nyuma. Mguu wako umemuuliza nani?"

Nyumbani mtoto alinyweshwa maji ya mchele, akalia mpaka sauti ikamkauka. Mtoto huyo, Mwanangu, ndiye mama yako.

Sasa jana unanionyesha programu yako ya zahanati. Ukanieleza vizuri, sikatai: humo ndani kila mgonjwa ni kitu chenye sifa zake, jina, ugonjwa, nafasi kwenye foleni, na umekiandikia njia ya kubadilisha nafasi, inayokagua kama pana mtu na kuwasogeza wa nyuma. Nikafurahi, nikasema huyu kamrudisha Bi Tatu. Kumbe muuguzi alipokupigia simu ana haraka, ulipita pembeni, ukaandika moja kwa moja kwamba nafasi ya mgonjwa wake ni ya kwanza. Wagonjwa wawili wakawa wa kwanza, wakagombana mlangoni kwa daktari. Na bado unaniambia, "Bibi, ni mstari mmoja tu." Mdharau mwiba mguu huota tende! Wewe mwenyewe umemweka Bi Tatu, kisha ukamngoja aende kuswali?

Basi shika haya. Sifa ya kitu isibadilishwe kutoka nje, hata kama mkono wako unafika. Pitia njia uliyoiweka, iache iulize, ikague, iwaambie wengine. Ikikukatalia, usiizunguke, kaa nayo ujue kwa nini, na kama ina kasoro irekebishe hiyo njia. Kanuni unayoiruka siku una haraka hukuwa nayo tangu mwanzo.

Nimekufokea kwa sababu nakupenda. Mola akuzidishie ujuzi, akupunguzie pupa, na kazi ya mikono yako isimlize mtoto wa mtu. Haya, futa ule mstari. Kuna mgonjwa anangoja zamu yake.