Vipimajoto Vitatu

Jirani yangu, nesi mstaafu, hutoka barazani kila siku saa tisa kamili, kavaa miwani yenye mkono uliofungwa plasta. Kabla ya kusoma kipimajoto ukutani huzuia pumzi, asije akakipasha joto mwenyewe. Kisha huandika katika daftari, la kumi na tisa sasa, kwa mwandiko uleule wa mafaili ya wagonjwa. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara humvizia, simu mkononi. “Mama, umesikia hii? Mtaalamu anasema habari za dunia kuchemka ni ulaji tu, watu wanatafuta pesa.” “Mtaalamu gani?” “Yupo tu, mkubwa. Halafu hicho kidude chako kimezeeka.” Wateja huangua kicheko, na mimi, nakiri, niliwahi kucheka. Mama nesi akanunua kipimajoto cha pili, akakitundika kando ya cha kwanza. Vikalingana. Kinyozi akasema vimetoka kiwanda kimoja.

Jana alitundika cha tatu, cha aina nyingine kabisa, akaniita. “Nisomee wewe, macho yangu watu hawayaamini.” Nikasoma nyuzi arobaini na moja, kwenye vyote vitatu. Akaiandika namba hiyo kwa mkono uleule uliowachoma sindano watoto wote wa mtaa huu. “Sasa kinyozi hana la kusema,” nikamwambia, nikitabasamu. Yeye hakutabasamu. Alikifunika kile kipya kwa kiganja, kama anayepima homa ya mtoto. “Tangu asubuhi, mwanangu, nilikuwa naomba kinyozi ndiye awe mkweli.”