Vyuma vya Ubavuni vya Land Rover ya Vénuste

Vénuste alikuwa mbebaji kabla ya kuwa dereva. Siku hizo, juu kule Nyamyumba, kijijini mlimani, mgonjwa hakungoja injini iwake. Mtu alisimama penye ukingo wa shamba akaita, na wanaume wakaacha majembe, wakaleta ingobyi, ile machela ya kusukwa, wakaiweka mabegani. Walipokezana njiani bila kusimama. Na hakuna aliyerudi nyumbani kabla ya kumwona kwa macho yake mwenyewe mgonjwa akipokelewa hospitalini.

Kufikia mwaka 1999, baada ya vita, mabega mengi hayakuwepo tena. Yaliyobaki yalikuwa yamechoka, au yameteremka mjini kuuza betri za redio. Ingobyi zilining'inia jikoni zikipigwa moshi. Vénuste alikuwa na Land Rover kuukuu aliyoachiwa na marehemu kaka yake, na watu wakaanza kuiita hiyo ingobyi, kana kwamba bati na mafuta vinaweza kumjua jirani kwa jina.

Jambo moja tu la zamani lilikataa kufa, nalo ni kusindikiza. Mgonjwa akipanda garini, kijiji kilipanda naye. Ukimwambia mtu ashuke, ni kama umemwambia hampendi mgonjwa.

Ndivyo ilivyotokea siku ya mama Nyirarukundo, aliyekuwa na homa kali. Gari lilijaa, springi zikalala, na kwenye mteremko wa mawe ubavu wa chini ukakalia jiwe. Kizingiti cha bati chini ya mlango kilikunjwa kikapanda juu na mlango ukakwama. Hospitalini walimtoa mama wa watu kupitia dirishani, miguu kwanza. Alipona, lakini kila alikokaa alisimulia lile dirisha.

Claudette, binti pekee wa Vénuste, aliisikia hadithi hiyo mara nyingi kupita kiasi. Alikuwa na mimba kubwa, na Illuminée, mkunga wa hospitali, alikuwa amemshika tumbo akasema mtoto amelala kimshazari. Uchungu ukianza, asijaribu kuzalia nyumbani.

"Baba, mimi kwenye gari lako sipandi," alisema. "Nikikwama mle ndani, mtanitoa dirishani na tumbo hili?"

 Wa kumbeba begani hawakutosha, na gari lingine halikufika kule juu. Kesho yake Vénuste aliteremka mjini hadi kwa Kadiri, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye kibanda karibu na Petite Barrière, kivuko kidogo cha mpakani kuelekea Goma.

Kadiri alizaliwa Goma na hakuwahi kuharakishwa na mtu. Alizunguka gari, akagonga kizingiti kwa kidole.

"Muzee, hapa unahitaji vyuma vya ubavu. Niko navyo namna mbili."

Vya kwanza vilitoka kwenye jeep moja ya mjini: vinang'aa, na vina ngazi pana inayoning'inia chini ya mlango. Vya pili havikuwa vyuma bado, bali bomba nene la maji kutoka mtambo wa kuoshea kahawa uliokufa.

"Hii ya kungaa, binti yako atapanda kama bibi arusi," Kadiri alisema. "Hii bomba iko mubaya kwa macho. Lakini nguvu iko."

Vénuste alimwona Claudette kwa mawazo akikanyaga ngazi ile pana bila kuhema, moyo ukamlainika. Kadiri alifunga ngazi kwa muda kwa waya, akapima nafasi iliyobaki hadi ardhini. "Bon. Inapita."

Kadiri alipoishika mashine yake ya kuchomelea, Vénuste alimzuia.

"Ngoja. Gari yangu haitembei tupu, Kadiri. Wenye kusindikiza iko wapi?"

Kadiri alimtazama, akatazama barabara. Wanawake wa mpakani walikuwa wakipita na mizigo ya nyanya na maharage. Akawaita.

"Bamama, mupande humu kidogo."

"Unatupeleka wapi?" aliuliza Mukandori, mfanyabiashara mnene ambaye hata askari wa mpakani walimsalimia kwanza.

"Hapa hapa."

"Mi nimepanda gari mingi, lakini ya kubaki pale pale, hii ni ya kwanza."

Walipanda hata hivyo, na mizigo yao, huku wakisukumana. Kadiri alilala chali chini ya gari.

"Mama Mukandori, we peke yako umeshusha gari vidole viwili."

"Lala tu huko, Kadiri. Nikicheka, utakuwa chapati."

Wenzake walicheka, gari likacheka nao, na ile ngazi ya kung'aa ikagusa vumbi. Kadiri alitoka chini akipangusa mgongo. Akakata waya za ngazi, maana penye mawe ingenasa. Vénuste alikuwa karibu kumtengenezea binti yake mtego kwa mapenzi.

Wakachagua bomba. Vénuste alitaka lichomelewe kwenye kizingiti, lionekane nadhifu, Kadiri akakataa.

"Bati ni nguo, muzee. Tunashikilia kwa mufupa." Alichomelea mikono mifupi kwenye shasi, ule uti wa chini wa gari, bomba likakaa juu, limejitenga na bati kidogo. Kisha akanyoosha kizingiti kwa nyundo, akaweka jeki chini ya bomba na kuinua ubavu mzima wa gari. Milango ikafunguka na kufungwa hewani, na Claudette aliposimuliwa hayo akakubali kupanda.

Uchungu ulianza asubuhi ya mvua. Bomba lilikuwa juu mno kwa Claudette kulikanyaga, kwa hiyo mumewe Aimable na majirani walimwinua wakampandisha. Kisha wakapanda wote.

"Wawili washuke, angalau," Vénuste aliomba.

"Nani atashuka?" aliuliza mama Nyirarukundo, aliyekwisha kaa. "Mimi walinisindikiza."

Penye mteremko gurudumu la kushoto lilizama, na ubavu ukaliangukia jiwe. Mlio ulikwaruza hadi kwenye meno. Claudette alifumba macho, akashika mkono wa Aimable. Gari liliinama, likabaki hivyo kidogo, kisha bomba likateleza juu ya jiwe kama sabuni, na magurudumu yakapata ardhi. 

Hospitalini Vénuste alizunguka mbio. Akavuta kitasa cha mlango wa binti yake. Mlango ulifunguka kwa wepesi, hata ukampiga goti. Claudette alishuka kwa miguu yake mwenyewe, akiegemea mumewe, akamwambia baba yake, "Haya, umenifikisha."

Madaktari walimpasua. Majirani walijaza ukumbi, wakafukuzwa, wakarudi. Vijana wa siku hizi wangeshaenda kutafuta soda, hawa hawakwenda. Mchana Illuminée alitoka, akamtafuta Vénuste kwa macho hadi akamwona uani kando ya gari.

"Wote wawili wazima, mzee. Msichana. Analia kwa hasira."

Vénuste alimshukuru. Akalikalia lile bomba lililochubuka, tope likapenya kwenye suruali yake ya kanisani, na hakuinuka.