Tarakimu Kubwa za Mama Vipimo

Mama Vipimo alikuwa amechoka, na si uchovu wa kulala ukaisha. Miaka ishirini na miwili amekaa mbele ya kompyuta ya maabara ya hospitali, ile inayopokea majibu ya mashine ya damu kwa mfumo wa kizamani: skrini nyeusi, vijitarakimu vya kijani vidogo kama mayai ya chawa. Sasa macho yamemtupa mkono. Juzi alisoma nane mahali pa tatu. Bahati nesi alishtuka, mgonjwa akapimwa upya. Mkuu wa maabara akijua, kiti hana.

Basi akaazimia kuandika programu ndogo ya kukaa kimya ndani ya kumbukumbu ya kompyuta huku mashine ikiendelea na kazi zake. Akibonyeza vitufe viwili, iamke, ikuze tarakimu zijae skrini, kisha irudi kulala. Kitabu alikiokota stoo, kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa. Alikisoma kwa lenzi saa ya chakula, mlango ameurudishia. Dada yake alimwambia mtu wa miaka hamsini na sita anayeanza mambo hayo, ama ana wazimu ama hana wajukuu.

Miezi mitatu ilimla. Programu ikiamka tu, kompyuta inaganda. Anazima, anawasha, anazima, anawasha, mpaka akatamani kulia. Kumbe kosa lilikuwa la adabu! Mfumo ule hauwezi mambo mawili kwa mpigo. Ukiuingilia wakati wenyewe unaandika kwenye diski, umeharibu yote. Programu ilipaswa kupiga hodi kwanza, na mwenye nyumba akiwa na shughuli, isubiri. Jambo tunalofundishwa hata meno hatujaota, lilimtoa jasho mtu mzima.

Siku ilipokubali, tarakimu zilijaa skrini, nono. Hakushangilia. Aliegemea kiti akapumua.

Mkuu wa maabara alikuwa akipita nje. Akasimama mlangoni, akasoma jibu la mgonjwa kwa sauti kutoka pale pale.

"Mama," akasema taratibu, "tangu lini huoni?"

"Mwaka wa pili huu." Nguvu za kudanganya hakuwa nazo tena.

Wakamhamishia mapokezi. Kiti akapewa mwenzake mwenye macho mazima, naye akazipenda tarakimu kubwa, zinapumzisha. Lakini kompyuta ikizimwa programu inafutika kwenye kumbukumbu, na kujifunza kuipakia upya mwenzake hakutaka. Hivyo kila asubuhi Mama Vipimo anaitwa. Anakaa, anaipakia, anaijaribu mara moja, halafu anainuka ili mwenye kiti akae.