Mashavu ya Mama

Mama alivunjika nyonga kwa kukaa tu. Alikosa kiti kidogo cha jikoni, akatua sakafuni, nasi tukangoja acheke. Badala yake akapiga yowe. Nimekulia Kolwezi, mji wa migodi, nimeona wanaume wakitolewa mashimoni wamevunjika, lakini sikujua mtu anaweza kuvunjika jikoni kwake.

Daktari aliinua picha kwenye mwanga, akauliza maswali yaliyonikera. Damu ya mwezi ilikoma lini? Mapema, kabla ya wenzake. Mama yake mzazi je? Alikufa mgongo umepinda. Anakunywa maziwa? Nilimkodolea macho. Maziwa, sisi tuliolelewa kwa bukari, ugali wetu, na siku mbaya bukari na chumvi!

"Na bidonge gani anakunywaka?"

Hapo Mama akafumba macho.

Baba alipofariki, Mama alikonda, na kwetu mjane akikonda majirani humalizia wenyewe: ana njaa, au ana ugonjwa ule. Jirani mmoja akamwonyesha deksa, vidonge vidogo vinavyouzwa sokoni kimoja kimoja kama pipi. Mashavu yakajaa. Kanisani wakamsifu. Akameza miaka na miaka, na sisi watoto tukajivunia mama yetu aliyenona.

"Uzee ilianza kukula mifupa," daktari alisema, "ile bidonge ikasaidia."

Alisema tuvipunguze polepole, kwa mpango wake, kwani kuviacha ghafla nako kuna hatari. Nilishikwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Jirani yule alikuwa amekwisha kufa.

Kila nilipompunguzia Mama dozi, alijipapasa mashavu. Jumapili moja wakaja akina mama wa kanisani. Nilimfunika mguu kwa kitenge, wakajipanga kando ya kitanda na vumbi lao jekundu la barabarani.

"Aba! Mama, ata mu bugonjwa, mashavu iko palepale!" mmoja wao akasema.

Mama akatabasamu, mara ya kwanza tangu aanguke. Niliona uchungu hadi nikatoka kuchota maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Walipoondoka, alinishika mkono.

"Uniongezee kamoja tu, mutoto yangu. Bakirudia, bataniona nimekonda."

"Mama, itakuvunja mufupa ingine."

"Mufupa," akasema, "nani anaionaka?"