Msumari na Semina za Bwana Kule

Chuoni walimwita Msumari, kwa sababu neno lake likikuingia hulitoi. Alikuwa mwaka wa mwisho wa ualimu, msichana mwembamba aliyebenua midomo kabla mtu hajamaliza kusema, na muhula huo alichaguliwa pamoja na wenzake wachache kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi ng'ambo. Wenzake walipopata habari walirukaruka. Yeye aliuliza kama vyoo vya watoto viko karibu na darasa, maana alishafundisha mahali ambapo vilikuwa mbali na nusu ya somo ikawa inaishia njiani.

Waliambiwa kwanza waandaliwe.

Wa kuwaandaa alikuwa mratibu wa mafunzo ya nje, mkufunzi wa makamo ambaye wanachuo walimbandika jina la Bwana Kule. Aliwahi kwenda ng'ambo kwa mkutano, zamani hizo, akakaa siku za kuhesabika, lakini ungemsikia ungedhani kazaliwa huko na hapa amekuja kutembea tu. Kila alichosema kilianza na "kule". Kule watoto hawapigi kelele. Kule mwalimu hapandishi sauti. Kule ukipiga chafya hata ukuta unauomba radhi. Alikuja ukumbini na koti zito la sufu jua likiwa la utosi, jasho likimchuruzika mpaka kwenye kola, na koti halivui.

Semina ya kwanza ilikuwa ya kutabasamu. Si utani. Walipangwa mbele ya dirisha la kioo wakafundishwa kutabasamu kwa kiasi. Ya pili ilikuwa ya uma na kisu, na kwa kuwa jiko la chuo halikutoa chochote cha kukatwa, walikatakata mikate iliyolala. Iliyofuata ilikuwa ya kubisha hodi kistaarabu. Msumari aligonga mlango wa ukumbi hadi vidole vikamuuma, huku akijiuliza kusoma na kuandika kutazungumzwa lini. Wenzake waliandika kila neno. Kijana mmoja wa kiti cha mbele alichora hadi mkunjo wa midomo.

Nyumbani, kwa mama yake mdogo aliyekuwa fundi cherehani, Msumari alimwaga yote. Mama mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa pini mdomoni.

"Sasa mwanangu, hayo matabasamu ndiyo watoto watayasoma?"

"Ndicho ninachojiuliza, mama."

"Kamuulize yeye. Mimi na mkasi wangu utanionea bure."

Nafasi ya kumuuliza ilikuja siku ya somo la majaribio. Wanachuo waligeuzwa watoto wa kule, yaani walikaa mikono mapajani, kimya kama wamemwagiwa maji. Msumari alipewa hadithi ya kuwasomea. Akaketi ukingoni mwa meza, akafungua kitabu, akaanza na sauti ya paka mwenye njaa. Bwana Kule akamsimamisha: kule mwalimu hakalii meza. Akaanza upya akiwa amesimama. Akasimamishwa tena: kule mwalimu halii kama paka. Akaanza tena, safari hii akitembea katikati ya madawati, akaambiwa anawasogelea mno.

Msumari akafunga kitabu.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Kule mtoto asiyetaka kusoma anafanywaje?"

"Kule hakuna mtoto asiyetaka kusoma."

Msumari alimtazama kuanzia kwenye kola iliyolowa hadi kwenye viatu, bila haraka.

"Basi sisi tunaenda kufanya nini?"

Yule kijana wa kiti cha mbele aliinamia dawati, mabega yakimtikisika. Bwana Kule alitangaza kwamba mtu mwenye kiburi cha namna hiyo haandaliki, na kwamba mkuu wa chuo ataombwa amwondoe safarini.

Kabla hajaomba, ikafika siku ya kuzungumza na shule yenyewe kwa simu ya video. Mkuu wa chuo, mama mtaratibu asiyependa mambo mengi, alikuja naye kuketi. Bwana Kule aliwakumbusha wote watabasamu. Kioo kikawaka, akatokea mwanamke mwenye nywele zilizotimka na rangi ya buluu shavuni, na nyuma yake darasa zima likiwa limechafuka. Wawili walikuwa wanagombea kiti, mwingine anaimba wimbo wake mwenyewe, na chini ya meza ilionekana miguu ya mtoto, basi. Yule mwalimu aligeuka akawapigia ukelele wa mnadani.

Bwana Kule aliruka. Alisema mtandao unasumbua, mkono ukiwa tayari kwenye swichi.

"Acha," mkuu wa chuo alimwambia. "Mbona mimi naona vizuri."

Msumari, kwa lugha ya kigeni aliyoitamka polepole, aliuliza yule wa chini ya meza ni nani. Mwalimu wa ng'ambo akavuta kiti. Alieleza kwamba mtoto huyo hajafungua kitabu tangu muhula uanze, wameshajaribu kila njia, kisha akamuuliza yeye angefanyaje.

Msumari alitafuta la kejeli, hakulipata. Alijibu kwamba hajui. Labda angekaa sakafuni karibu naye asome peke yake, kwa sauti za wanyama, aone kitakachotokea.

"Njoo," yule mwalimu alisema. "Mimi nimeshindwa."

Habari ya kumwondoa Msumari haikusikika tena. Lakini jioni hiyo hakujigamba. Alimwambia mama yake mdogo kwamba siku zote hizo alishughulika kumdharau mtu, na hajaandaa hata somo moja. Kuanzia hapo yeye na wenzake walijifungia katika darasa tupu wakafanya mazoezi yao wenyewe, mmoja akifundisha, wengine wakivuruga. Kijana wa kiti cha mbele alikataa kwanza; alipokubali akawa mtundu kuliko wote, ikabidi aombwe apunguze. Bwana Kule aliendelea na semina ya kufunga tai, mbele ya viti vitupu.

Ng'ambo kazi ilimchosha Msumari kuliko alivyowahi kuchoka. Kuna asubuhi mtoto wa chini ya meza alitoka, kuna asubuhi alibaki huko, na siku mtoto huyo alipomnyang'anya kitabu ili asome mwenyewe, Msumari alijitia kuudhika.

Ndipo mwanachuo aliyebaki nyumbani akamtumia picha ya ubao wa matangazo wa chuo. Pale katikati alikuwa Msumari darasani, na juu yake kwa herufi kubwa: Matunda ya Semina Zetu. Kando ya ubao amesimama Bwana Kule na koti lake.

Msumari akasonya, msonyo mrefu uliomfanya mwalimu mwenyeji ageuke kuuliza kuna nini. Alijaribu kueleza, akaona lugha ya watu haina msonyo wa kutosha, akaacha. Kengele ilikuwa imeshalia.