Mgeni Aliyekuja na Tumbawe la Nne

Kabla hujaniita mwongo, ujue kwanza kwamba mimi ni daktari wa ng'ombe. Miaka kumi na tisa natibu mifugo, Magamba, Kabungu, mpaka vijiji vya wafugaji njia ya kwenda Inyonga. Kazi yangu ni kuchungulia kinyesi kwenye hadubini na kuamini kile tu ninachokiona. Sasa mtu wa namna hiyo akikwambia amesemeshana, saa saba mchana, jua la Oktoba likiwaka, na kitu ambacho hakikuwa binadamu, utasema amelewa? Sinywi. Utasema aliota? Nilikuwa nimesimama na beseni mkononi. Kisa hiki kilinipata mimi, nyumbani kwangu, na mama mkwe wangu yupo hai, kamuulize.

Nyumba yangu iko Mpanda mjini, na sebuleni kwangu kuna bahari. Usicheke. Zamani nilipelekwa semina Tanga, na siku ya mwisho wakatupeleka kwa boti hadi kwenye miamba. Nikavaa miwani ya kuzamia, nikatumbukiza uso majini, na haki ya Mungu nililia humo humo ndani ya miwani. Mawe yana rangi! Mawe yana midomo, yanakula! Yule aliyetuongoza akatuambia matumbawe si mawe wala si mimea, ni wanyama, maelfu ya wanyama wadogo waliojenga pamoja. Nikajisemea moyoni: kama ni wanyama basi ni mifugo, na kama ni mifugo nitaifuga.

Mume wangu Deusi ni fundi friji. Alinisikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Mama Neema, maji ya bahari Mpanda?" Lakini kesho yake akaenda kwa mafundi wa madirisha kuulizia vioo vinene. Tukagundisha tangi refu kama kitanda. Deusi akafunga pampu, akafunga taa, akafunga betri za kushika umeme ukikatika, na mashine ya friji kuukuu ya kupoza maji, maana joto la huku unalijua. Maji tukayachuja mpaka hayakuwa na kitu, ndipo tukakoroga chumvi. Siyo ya kupikia, ile maalumu ya kutengenezea maji ya bahari inayoagizwa Dar. Majirani wakatangaza mtaa mzima: daktari kachanganyikiwa, anafuga mawe.

Matumbawe ya kwanza yalikufa yote. Niliyatoa kwenye mfuko nikayaweka tangini moja kwa moja, kumbe yamebeba vikonokono vidogo kama punje za mtama. Siku tisa, kwisha. Aibu iliyoje! Mimi ninayewafokea Wasukuma wenzangu kila wiki: ng'ombe wa mnadani haingii zizini siku hiyo hiyo, mtenge kwanza, mwogeshe kwenye josho, mwangalie. Ng'ombe nawatenga, matumbawe nimeyakaribisha kama shemeji!

Mara ya pili nikajipanga. Stoo nikaweka tangi dogo la karantini, na ndoo zake, na vyombo vyake ambavyo haviingii kwenye maji ya sebuleni. Nikajiwekea sheria: kila kinachoingia, siku arobaini na tano. Niliagiza vipande vitatu kutoka shamba la matumbawe kule pwani, vyenye kibali. Boksi likaja kwa basi la Tabora. Nikafungua. Vilikuwa vinne.

Vitatu vilikuwa vimejikunja kwa uchovu wa safari, kama inavyotakiwa. Cha nne kilikuwa kimechanua. Chekundu kama kaa la moto, ukubwa wa ngumi, midomo yote wazi. Nikampigia muuzaji.

"Daktari, mimi nimefunga vitatu," akasema. "Hicho chekundu sina hata shambani."

Ungekuwa wewe ungekitupa? Mimi sikukitupa. Kilikuwa kizuri mno. Nikakiweka karantini na wenzake, nikafunga stoo.

Kesho yake saa saba mchana nikasikia hodi. Getini amesimama mwanaume mrefu, mwembamba, amevaa koti la mvua. Oktoba! Mvua ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa nne. Na lile koti lilikuwa linachuruzika maji.

"Karibu," nikasema, kwa mazoea tu.

"Ahsante, mama. Nimemfuata mwenzangu. Naona mmemweka stoo."

"Mwenzako yupi?"

"Yule mwekundu. Mgeni hawekwi stoo. Mgeni anawekwa sebuleni."

Nikamuuliza amejuaje habari za stoo yangu. Akatabasamu, meno madogo madogo, meusi. "Nilikuja naye," akasema. Basi. Nikamwambia kwangu kila mgeni wa majini anakaa siku arobaini na tano, awe mwekundu awe kijani. Akaondoka polepole. Alipokuwa amesimama maji yalikauka upesi yakaacha weupe chini. Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, akainama, akagusa kwa kidole, akaonja.

"Chumvi," akasema.

Unadhani alishtuka? Wala! Mama mkwe ni Mbende wa zamani, mtu wa rozari na ukarimu. Alinigeukia mimi. "Mkamwana, wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe hata hizo mbili umemnyima!"

Yule mtu akawa anakuja kila siku, saa ile ile. Hakuingia ndani hata mara moja. Chakula hali. Alikaa na Deusi kwenye benchi nje ya geti wakaongea, na sauti yake ilikuwa tamu, nakiri, hata mimi nilikuwa najikuta nimesimama dirishani nasikiliza. Alikuwa anasimulia bahari.

Siku ya sita Deusi akaanza kuugua. Kiu. Anamaliza ndoo ya maji na bado anaomba. Midomo ikawa na ukoko mweupe, na asubuhi mto wake una chembechembe za chumvi. Hospitali wakapima sukari, wakapima figo, wakasema kila kitu kiko sawa. Sawa vipi, mtu anatoboa tundu jipya kwenye mkanda kila baada ya siku mbili? Mwisho hakuweza tena kufika kwenye benchi, akawa analala mkekani sebuleni, na yule mgeni anaongea naye kutokea getini.

Na hapa ndipo nilipofumbuka macho. Deusi alikuwa anakonda, na mgeni alikuwa ananenepa. Lile koti lililokuwa linampwaya sasa vifungo vilikuwa vinavutana. Nimeona hali hiyo mara ngapi? Ng'ombe anakauka, na chini ya mkia, mahali mwenyewe haangalii, kupe amejaa kama zabibu.

Jioni hiyo Deusi akanishika mkono. "Mama Neema, nipe ufunguo. Nimhamishie yule mwekundu tangi kubwa. Mgeni ameniambia tukimhamisha tu, napona."

Nisikufiche, niliushika ufunguo mfukoni. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, mtu anakuomba kitu kimoja. Lakini nikajiuliza: akishaingia kule kwenye mawe mengi, nani atamtoa? Nikamwambia, "Kunywa maji, baba Neema. Ufunguo nakaa nao mimi."

Nikaingia stoo mwenyewe, nikazima taa, nikawasha tochi niliyoifunga karatasi nyekundu, maana wadudu wengi wa matumbawe hawajifichi kwenye mwanga mwekundu. Nikangoja. Kwenye kitako cha lile tumbawe kulikuwa na tundu la kuingia kidole. Vikatoka vipembe vitano, vikipapasa. Halafu likatoka taya dogo, jeusi. Likatabasamu. Najua mdudu hatabasamu. Nakwambia nilichokiona.

Kesho yake sikwenda kazini. Nikaandaa beseni: maji ya chumvi, na dawa ya iodini mpaka yakawa kama chai ya rangi. Glovu ndefu za kuzalishia ng'ombe. Koleo la upasuaji. Saa saba ilipofika nilikuwa nimesimama na beseni, dirisha la stoo liko wazi, geti naliona pale. Naye akawa amefika.

"Daktari," akaita. "Hilo beseni la nini?"

"Josho."

"Siku hazijatimia. Ulisema mwenyewe arobaini na tano."

"Za kukaa. Kuogesha ni siku yoyote."

Tabasamu likamfutika usoni. "Mumeo atakufa."

"Mume wangu ameshaanza kufa," nikasema. "Leo tutaona nani anatangulia."

Nikalizamisha tumbawe.

Yule mtu akakohoa. Mama mkwe alikuwa uani anaanika mihogo, akanyanyua kichwa. Nikaongeza dawa. Akakohoa tena, akashika geti kwa mikono miwili, na vyuma vikaanza kutoa maji. Kwenye beseni vile vipembe vikachomoza, vikafuatiwa na kichwa, nikakibana kwa koleo. Akili yangu yote ikawa mkononi. Kiliuma glovu, kikajisokota tunduni, kikashikilia.

"Mkamwana!" mama mkwe akapiga kelele. "Huyu mtu anapasuka!"

"Mwache apasuke, mama! Sali tu!"

Nimevuta ndama wangapi kwenye matumbo ya mama zao, wakati mwingine usiku kucha, mpaka mabega yakakataa? Nilijua namna ya kuvuta. Usivute kwa hasira. Unavuta anapolegea, unashikilia anapokaza. Unalegea, navuta. Unakaza, nakusubiri. Yule wa getini alikuwa anaita jina langu la utotoni, lile ambalo hata Deusi halijui. Nikalisikia, nikaendelea. Mara kitu kikaachia, na mnyoo ukachomoka wote, mrefu kama mkono wangu, pingili kama tandu, unang'aa rangi rangi kama mafuta juu ya dimbwi. Nikautia kwenye chupa ya spiriti, nikafunga kifuniko.

Getini koti likaanguka. Hakukuwa na mtu ndani yake. Maji tu, maji mengi, yakatiririka mpaka mtaroni na mama mkwe akiyafuata na fagio, anayasukuma, "Nenda! Nenda huko huko ulikotoka! Nenda!" Alikuwa ameshahamia upande wangu, bibi yule.

Nikakimbilia sebuleni. Deusi amekaa. Midomo imelowa, ukoko umedondoka.

"Mama Neema," akasema, "hamjapika leo?"

Akala ugali wa dona na migebuka miwili mizima, wale samaki wa ziwani, akaomba wa tatu. Nami nikakaa chini nikacheka mpaka machozi.

Je, tumbawe nililitupa? Halikuwa na kosa, masikini, lilikuwa limenyonywa kama Deusi. Nikaanza kuhesabu upya, arobaini na tano kamili, sikupunguza hata moja. Siku ya kulihamisha mtaa mzima ulikuwa sebuleni. Lilipogusa maji ya tangi kubwa likatulia kidogo, halafu midomo ikafunguka mmoja mmoja. Mama mkwe akapiga vigelegele mpaka wapita njia wakasimama. Siku hizi maharusi wanakuja kupiga picha mbele ya tangi langu. Mzee mmoja mfugaji wa Kabungu alitazama nusu saa nzima, akaniambia, "Daktari, mawe yako yana afya kuliko ng'ombe wangu." Waliosema nimechanganyikiwa sasa wanaleta wageni wao, na mama mkwe anawapanga foleni: "Nyie msiguse kioo!"

Lakini yako mambo ambayo hayakuisha. Deusi mpaka leo hali chumvi, hata chembe. Chakula chake kinapikwa sufuria ya peke yake. Na ile chupa ipo kabatini kwangu ofisini. Saa saba mchana, kila siku, inatoka jasho kwa nje. Wenzangu wamejaribu kuipiga picha, picha inaonyesha chupa tupu.

Kwa hiyo wewe unayetaka kufuga, iwe matumbawe, iwe samaki wa ziwani, iwe kuku wa kisasa, nakuomba: kipya kikae peke yake kwanza. Kiogeshe. Kihesabie siku. Kiumbe mzima atakungoja, hana shida na stoo. Ila akitokea mtu mlangoni kukuhimiza ukifungulie haraka, mtazame mguuni. Ukiona pana majimaji, usibishane naye. Ufunguo uweke mfukoni, kaandae beseni.